Maji ya Kuruka kwenye Hoteli ya Mashimba

Buzuruga, Mwanza
14 Februari 1993

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Nyumba nzima inakusalimu, kuanzia Mama hadi kuku wake. Mama yuko nasi hapa Buzuruga tangu Krismasi. Anasema harudi Usagara mpaka mvua ziishe, maana paa la kule linavuja na mimi mwanawe fundi sijapata muda wa kulipanda. Mke wangu Gladness ameongeza cherehani ya pili, sasa kwangu kunapigwa kelele kama kiwandani. Mahindi ya shambani yametoka vizuri, ila ng'ombe wa jirani wameyaonja kabla yetu. Nawe je, huko Dodoma? Vumbi limepungua? Ofisini wanakuheshimu?

Sasa sikiliza habari. Unamkumbuka Mashimba, yule aliyekuwa akinunua sangara kwa wavuvi na kuwapeleka mjini kwa pikapu bovu? Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe amekuwa mtu mwingine. Anajenga hoteli ya ghorofa mbili upande wa Ilemela, ukitoka mlangoni unaliona ziwa lote. Alienda Nairobi akalala kwenye hoteli yenye fauntini uani, akarudi hataki kusikia kitu kingine. Aliniita, akasema, "Masalu, nataka maji ya kuruka. Yaruke mpaka mtu aliye barabarani asimamishe gari."

Nikamjibu, "Yataruka, Mzee." Akanipa kazi hapo hapo, mbele ya wakandarasi waliokuja na tai shingoni.

Dada, mabomba ya nyumba nayajua, vyoo navijua, pampu ya kisima naifungua nikiwa nimefumba macho. Fauntini sijawahi kujenga. Wewe uliziona kule Urusi miaka yote ile. Niambie bwawa liwe na ukubwa gani, pampu ya namna gani, na mdomo wa bomba uwe vipi. Mama anasema tayari mwanawe ni injinia. Nimemwambia injinia ni wewe, akacheka.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Masalu


Dodoma
20 Machi 1993

Mdogo wangu Masalu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ofisini kuna mambo. Mimi ni mzima. Vumbi la Dodoma halipungui, linahama tu kutoka meza hii kwenda ile. Mpe Gladness hongera ya cherehani. Mpe Mama salamu zangu, kama ana nafasi ya kuzipokea kati ya sifa zako.

Umeniuliza kuhusu chemchemi za mapambo. Nimeziota tangu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Nje ya Leningrad, ambayo siku hizi wameibadilisha jina, kuna bustani iliyojengwa na mfalme wao Petro. Katikati amesimama mtu wa dhahabu anapasua taya za simba, na mdomoni mwa simba maji yanapanda juu kuliko mnara wa kanisa la Usagara. Masalu, pale hakuna pampu hata moja. Wahandisi walitafuta chemchemi kwenye vilima vya mbali, wakachimba mifereji, maji yakateremka yenyewe na kwa nguvu ya kuteremka yakapanda. Hata leo yanapanda. Mfalme wa Ufaransa naye alikuwa na bustani kubwa zaidi lakini maji hayakumtosha, basi watumishi walikuwa wakipigiana miluzi. Mfalme akikaribia, chemchemi ya mbele inafunguliwa. Akipita, ya nyuma inafungwa. Alikufa akidhani bustani yake yote inacheza. Mambo hayo niliyasoma kwa lugha ya watu, kwenye baridi ambayo wewe hungeiweza, halafu kazi ya kwanza ya chemchemi Mwanza anapewa mtu aliyeishia darasa la saba.

Haya, majibu yako. Pampu iwe ya kuzungusha maji yale yale, usimwage maji ya mji. Mdomo wa bomba uwe laini ndani, usiwe na mkwaruzo, maji yatachanika. Na hili ulishike: maji yasipande juu kuliko umbali kutoka katikati ya bwawa hadi ukingoni. Kama bwawa lako lina upana wa mita sita, maji yasizidi mita tatu. Hapo ziwani, yawe pungufu hata ya hapo.

Yapo mengine ninayoyajua. Ninayo michoro yangu ya chemchemi ya Mwanza niliyoichora mwenyewe kule kule Leningrad. Hiyo usiniombe.

Dada yako,
Paskazia


Buzuruga, Mwanza
2 Mei 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Tumeipata barua yako, tumeisoma kwa sauti baada ya chakula. Mama alitaka arudiwe sehemu ya mtu anayepasua taya za simba. Mafua yalimshika wiki ya Pasaka lakini ameshapona, juzi alikuwa sokoni akigombana na muuza dagaa. Paa la Usagara nimelipanda hatimaye.

Pampu imefika kutoka Nairobi, ya Mtaliano, rangi ya bluu, nzuri mpaka unaona huruma kuifukia. Bwawa nimeshalimwaga zege, mita sita kama ulivyokisia, na pembeni nimezungushia sakafu ya terazo nyekundu na nyeupe, linang'aa kama sahani.

Nilimsomea Mashimba maneno yako ya mita tatu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mita tatu? Hiyo ni fauntini au ni mbuzi anakojoa?" Watu wote wakacheka. Kusema kweli, Dada, na mimi nilicheka. Nimeijaribu pampu ile na pipa, inaweza kufika juu ya paa la ghorofa ya pili. Mtu ana farasi halafu amtembeze kama kondoo?

Nisamehe nikisema hili. Barua yako niliisoma mara ya pili peke yangu, nikaona mahali kalamu ilipokandamizwa. Ulipoandika "darasa la saba" karatasi imetoboka. Je, hizo mita tatu ni hesabu, au hutaki yangu ipande?

Tunafungua Agosti. Njoo uone.

Masalu


Dodoma
9 Juni 1993

Masalu,

Marahaba. Tangu sasa niandikie kupitia parokia, anwani iko nyuma ya bahasha. Usiulize sababu, posta ya ofisini inachelewesha barua. Mimi ni mzima. Natumaini Mama hakohoi tena.

Umeniuliza swali nami nitakujibu. Ndiyo, naona wivu. Ulitaka nikudanganye? Niliporudi mwaka themanini na tano na shahada yangu, nikamkuta Mama uani akipepeta mpunga. Nikamwonyesha. Akaifuta mikono yake, akaishika ile karatasi juu chini, akauliza, "Na mwanaume umemwona?" Halafu akaniambia wewe umetengeneza bomba la mission na padri amekusifu. Siku nzima ikawa bomba la mission. Miaka minane nimechimba visima katika vijiji ambavyo hata majina yake huwezi kutamka, na hakuna aliyesimamisha gari kuangalia kisima. Wewe unamwaga maji hewani kwa ajili ya walevi wa Mashimba, Mama anasema mwanawe ni injinia.

Lakini mita tatu ni hesabu. Wivu wangu hauwezi kubadilisha upepo. Wewe umekulia hapo, unajua baada ya saa nane mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Maji yakipanda sana yanakatika kuwa matone, na matone hayana uzito wa kurudi yalikotoka. Yataangukia nje ya bwawa, upande wa hoteli, kwenye terazo lako linalong'aa kama sahani. Mtu atateleza.

Nimekwambia. Fanya utakavyo. Agosti sitakuja, nina kazi.

Paskazia


Buzuruga, Mwanza
3 Oktoba 1993

Dada Paskazia,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Gladness ameniambia nisipoiandika leo ataiandika yeye, na yeye hataficha kitu.

Tulifungua Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Asubuhi nilifungua maji peke yangu, kabla ya wageni, na ziwa lilikuwa limetulia. Dada, yalipanda! Yalipita paa, yakasimama hapo juu kama yanafikiri, kisha yakarudi katikati ya bwawa bila tone kutoka nje. Wavuvi waliokuwa wakirudi na mitumbwi waliacha kupiga kasia. Nikasema moyoni, mita tatu, kumbe!

Sherehe ilikuwa mchana. Viti vilipangwa upande wa hoteli ili wageni waangalie maji na ziwa pamoja. Mkuu wa mkoa alikuwepo, mapadri, matajiri wa minofu na wake zao waliovaa magauni yaliyoshonwa na Gladness. Mama alikaa mstari wa mbele, na Mashimba mwenyewe ndiye aliyemketisha. Hotuba zilirefuka. Saa tisa ikapita. Kisha Mashimba akanipungia mkono, nikafungua.

Watu walipiga makofi. Nami nikaona majani ya migomba nyuma ya ukuta yanalala kuelekea kwetu. Ule mnara wote wa maji uliinama, Dada, ukainama kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake, ukawaangukia. Keki ililowa, hotuba zililowa, nywele za watu zililowa. Mashimba akapiga kelele, "Zima! Zima, wewe!" Nilikimbilia swichi. Nikiwa nakimbia niliona watu wanasimama na kusukumana juu ya terazo, na Mama akiwa katikati yao anajaribu kuishika kanga yake. Akaenda chini.

Ni nyonga. Yuko hospitali tangu siku ile, mguu umefungiwa uzito wa kuuvuta. Daktari anasema atatembea kwa fimbo, akitembea. Hakulia. Alipoulizwa anaumwa wapi, alisema, "Msimgombeze Masalu."

Mashimba ameifunika fauntini kwa turubai. Watu wakipita wanauliza kama kuna maiti. Hajanidai kitu, ila hanisalimu. Wakandarasi wenye tai wameshakuja kupima.

Nilidhani ulikuwa unanionea wivu tu.

Masalu


Dodoma
19 Oktoba 1993

Masalu,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye veranda ya parokia. Nilipofika mahali maji yalipoinama, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, sista mmoja akageuka. Kisha nikafika kwa Mama. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na sitaki uniambie pole.

Mwambie Mama asikubali kulala chali muda wote, wamgeuze kila mara, vidonda vya mgongo ni vibaya kuliko nyonga. Mwambie nitakuja nitakapoweza. Leo siwezi.

Sasa fungua karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha. Ni ule mchoro niliokukataza kuuomba. Nimeunakili upya kwa vipimo vya bwawa la Mashimba kama ulivyonieleza. Usimwachie mtu wa tai.

Nyuma ya hoteli kuna mawe makubwa, si ndiyo? Kila mahali Mwanza kuna mawe. Wafalme walitafuta kilima kwa shida, ninyi mnavunja kokoto kwenye vilima vyenu. Jenga tangi la zege juu ya jiwe lililo imara. Pampu yako ya bluu isipeleke maji kwenye fauntini tena, iyapandishe kwenye tangi. Kutoka tangini yateremke kwa bomba pana hadi bwawani. Hata mgawo wa umeme ukija, maji yataendelea kucheza mpaka tangi liishe, na yatacheza kwa utulivu bila kuruka na kushuka kila umeme unapotetemeka.

Ule mdomo mmoja mwembamba ung'oe. Weka midomo mifupi mipana kuzunguka bwawa na mingine katikati, kila mmoja uwe na matundu pembeni ya kuvuta hewa. Maji yakichanganyika na hewa yanakuwa meupe na mazito kama povu la maziwa, upepo unayasukuma lakini hauyabebi. Yapande kufika kiunoni, yale ya kati kifuani. Usiku ukiweka taa chini, utaona. Na terazo likwaruze kwa patasi, lote.

Niliichora nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilidhani nitasimama mwenyewe juu ya hilo jiwe na kuwaambia mafundi wapi pa kumwaga zege. Nimekupa wewe. Sijakupa kwa moyo mweupe, nimekupa tu.

Paskazia


Buzuruga, Mwanza
12 Desemba 1993

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama anasema ukija umletee zabibu za Dodoma. Yuko nyumbani. Anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa fimbo, akifika mlangoni anakaa na kutoa amri. Gladness amejifungua mtoto wa kike tarehe za mwanzo wa mwezi. Jina bado, Mama anataka la kwake, mama mkwe wangu anataka la kwake, mimi nimenyamaza.

Mashimba hakutaka kunisikia. Nilikwenda kwake nikakaa kwenye benchi la walinzi, akipita nasimama, akirudi nasimama. Mwishowe akasema, "Haya, sema upesi." Nikamwonyesha mchoro. Aliuangalia kutoka juu hadi chini, kisha akaita gari tukaenda kupanda mawe. Wenye tai walikuwa wamemshauri afukie bwawa na kupanda maua.

Tumemaliza wiki iliyopita. Nilisubiri saa tisa, upepo ukiwa umekasirika kweli, ndipo nikafungua. Maji yalitoka meupe kama ulivyosema. Yaliyumba, yakarudi, yakayumba, yakarudi. Nilizunguka ukingoni na viatu vyangu vilibaki vikavu. Umeme ulikatika tukiwa pale pale, hoteli nzima ikazima na redio ikanyamaza, maji yakaendelea. Mashimba akasimama anatazama. Wahudumu wakatoka jikoni kutazama.

Kisha akanishika bega. "Masalu, umetubu. Hii akili umeitoa wapi?"

Ningeweza kusema ni yangu. Mchoro ulikuwa na mwandiko wako lakini jina hukuweka, nadhani kwa makusudi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasema, "Ni ya dada yangu. Ni injinia wa maji, yuko Dodoma. Mimi nimemwaga zege tu."

Unajua alijibu nini? Hakusema asante. Alisema, "Basi huyo ndiye ninayemtaka." Anajenga hoteli ya pili Musoma, na rafiki zake wa Bukoba wanataka pia. Amesema nikuandikie uje ufanye kazi hiyo wewe, na mafundi atakutafutia. Mimi hakunitaja. Nilikuwa nimesimama mbele yake nina vumbi la saruji hadi magotini, hakunitaja.

Dada, tangu siku ile sijui pa kuuweka mkono. Mama amewasimulia majirani wote kuwa binti yake amefunga upepo. Wanakuja kumwona mgonjwa, wanaondoka na habari zako. Jana nilijikuta nikimkaripia Gladness kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Sasa najua kilichokuwa kikikutafuna huko Dodoma miaka yote.

Nilitamani nisingesema. Lakini nimeshasema. Barua ya Mashimba nimeiambatanisha. Kazi ni yako ukiitaka.

Masalu


Dodoma
4 Januari 1994

Mdogo wangu Masalu,

Marahaba. Mbusu mtoto. Mmwite mtakavyo, lakini msimwite jina langu ili kunifurahisha.

Ofisini sipo tangu Aprili mwaka jana. Tulipunguzwa, wengi kwa siku moja. Walibandika majina ukutani, langu lilikuwa katikati ya dereva na mpishi. Ndiyo maana nikahamisha anwani. Nafundisha hesabu katika shule ya masista na wananipa chumba. Sikukwambia kwa sababu barua zako zilikuwa zimejaa pampu za Italia, na sikutaka isomwe kwa sauti baada ya chakula kwamba Paskazia amerudishwa nyumbani. Ulipomwambia Mashimba kuwa mimi ni injinia wa maji wa Dodoma, ulikuwa umesema uongo bila kujua.

Barua ya Mashimba nimeisoma mpaka mikunjo imechoka. Mdogo wangu, nitaichukua hiyo kazi. Ningeweza kukuandikia kwamba sitaki kukupita, kwamba nimekuachia. Nitakuwa nadanganya. Naitaka. Nimeitaka tangu ukiwa bado unachunga ndama Usagara. Najua itakuuma, na najua inavyouma.

Nimemjibu kwamba mafundi wa kutafutiwa sitaki. Nimemwandikia kuwa mkuu wa mafundi awe Masalu wa Buzuruga, kwa sababu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyejenga kitu kile kile mara mbili, ya kwanza kwa jeuri na ya pili kwa masikio. Nimemwandikia hivyo bila kukuuliza. Sikufanya kwa huruma. Mchoro wangu ulikaa miaka kumi na tatu ukiwa karatasi, ukawa maji baada ya kufika mikononi mwako, na hilo nalo limenipa wivu.

Kukubali au kukataa ni juu yako. Ukikubali, nitakuamuru mbele za watu. Lazima nikuonye.

Nitapanda treni ya mwisho wa mwezi. Zabibu nimenunua.

Paskazia


Buzuruga, Mwanza
21 Januari 1994

Dada Paskazia,

Shikamoo. Mama anashukuru kwa zabibu ambazo hajaziona. Mtoto ameitwa Sabina, bibi wote wawili wamekasirika, nyumba ina amani.

Kuhusu kufanya kazi chini yako, sijakubali. Sijakataa pia. Gladness anasema nimekubali tangu barua ilipofika, kwa sababu nimeanza kunoa patasi. Asiniseme.

Ile ya Aprili ungeniambia. Ningekuja kukuchukua.

Treni ikichelewa usihangaike, nitakuwa stesheni mpaka iingie. Nitakuja mimi mwenyewe, simtumi mtu. Lakini sanduku lako, Injinia, utalibeba mwenyewe.

Masalu